Mbuzi wa Sita

Paukwa! Pakawa.

Hapo zamani ambazo si za kale hata kidogo, maana simu za enzi hizo bado zinauzwa mkononi Kariakoo, walikuwako wanyama wa Pwani waliokuwa wakienda Guangzhou kufuata mzigo. Wakifika walilala Xiaobei, mtaa ambao ndani ya lifti moja utasikia Kiswahili, Kilingala na Kifaransa cha Bamako, lakini alfajiri wote walishika njia ya Liwan, ukingoni mwa mto Zhu, mahali panapoitwa Shisanhang. Blauzi ziko huko. Na huko hakuna kubembelezana: maduka hufunguliwa jua halijachomoza, na ikifika saa saba, saa nane mchana, milango inashushwa, nailoni zinafagiliwa, na aliyechelewa atajijua. Fasheni iliyotundikwa leo ndani ya jengo la Xinzhongguo, keshokutwa ukiiulizia unachekwa.

Miongoni mwao alikuwamo Kuku, mwenye duka la nguo za kike Mtaa wa Congo, Kariakoo. Duka aliliendesha na wifi yake, Bata. (Usiniulize Jogoo aliwezaje kuwa na dada bata, koo za wanyama nazo zina mambo yake.) Bata alijua wateja wanataka nini, Kuku alikuwa na pasipoti. Basi kazi waligawana hivyo: kila alichokipenda Kuku kilipigwa picha, kikatumwa, Bata akakikubali au akakikataa, ndipo pesa zikatoka. Bata alikuwa mtu wa WhatsApp, na WhatsApp ukiwa China haifunguki mpaka uzunguke mlango wa nyuma, kwa hiyo Kuku akamwekea WeChat na kumfundisha kutwa nzima namna ya kuitumia. Wakaamini wamemaliza.

Chukua asubuhi moja tu. Kuku amesimama mbele ya duka la Paka. Ukinyoosha mabawa yote mawili unagusa kuta zote mbili, na blauzi zimetundikwa mpaka darini. Paka anakula uji wa mchele kwa mkono wa kushoto. Wa kulia unabonyeza kikokotoo: 38. Kuku anakivuta, anabonyeza 30. Paka anabonyeza 38 ileile, safari hii kwa ukucha, kisha anamwita “pengyou”, rafiki, kwa sauti isiyo na urafiki wowote. Kuku anapiga picha ya blauzi ya kijani yenye mikono iliyotuna, anaituma Dar es Salaam. Kiduara kinazunguka. Nyuma yake anatokea Punda na toroli la marobota yaliyompita kimo, anapiga kelele apishwe, na Kuku anabanwa ukutani huku simu ameiinua juu ya kilemba akiitafutia mawimbi. Kiduara kinazunguka. Saa tatu na nusu. Saa nne. Jibu linapoingia, “ya kijani chukua 50 wifi yangu”, kijani yote imeshapakiwa na Bundi wa Lagos, ambaye hakumuuliza mtu.

“Mtandao,” akasema Kuku, na waliokuwa karibu wakatikisa vichwa kwa huruma.

Wote walikuwa na neno hilo. Fisi, mwenye ofisi ya kago, aliyepokea mizigo kwa kilo ikienda na ndege na kwa CBM, yaani mita za ujazo, ikienda na meli, aliulizwa kontena liko wapi akasema limeshaondoka zamani, ni mfumo tu haujalisoma, mtandao. Kasuku mkalimani, akiulizwa kwa nini maneno kumi ya mwenye duka yeye ameyafasiri kwa mawili, alisema yale mengine hayakusikika vizuri, mtandao, ingawa mwenye duka alikuwa amesimama hapohapo. Na Bata kule Kariakoo, akiulizwa pesa za mzigo, alisema ameshazituma, muamala umekwama, si unajua tena.

Aliyekuwa hasemi neno hilo ni Kunguru peke yake. Yeye alikuwa na biashara yake juu ya paa. Ukimpa simu na yuan 5 aliipandisha huko juu, kwenye mawimbi ya bure, akarudi picha imekwenda. Alikuwa mstaarabu, mwenye shati la kijivu chini ya koti jeusi. Ukoo wake, alipenda kukumbusha, uliletwa Unguja miaka ya 1890 kwa mwaliko rasmi, kuja kula takataka za mji. Kwamba baadaye wenye miji ya Pwani waliugeukia ukoo huohuo kwa sumu na mitego, hilo hakulitaja.

Ikawa lazima iundwe kamati. Wanyama watatu wa Pwani wakikutana ugenini, wa nne akija anakuta ameshachaguliwa mweka hazina. Mwenyekiti akawa Mzee Kobe, kwa sababu ya umri, na kwa sababu hakuwa na haraka ya kurudi nyumbani, nyumba alikuwa nayo mgongoni. Siku ya mkutano wa kwanza alipokea shikamoo zote, moja baada ya nyingine, akaitikia marahaba zote, na muda wa mkutano ukawa umekwisha. Siku ya mkutano wa pili akahutubia.

“Ndugu zangu,” alisema, “mji huu mnaouona unaitwa Mji wa Mbuzi. Zamani za njaa walishuka watukufu watano wenye mavazi ya rangi tano, kila mmoja amepanda mbuzi wake, kila mbuzi ana suke la nafaka mdomoni. Wakawapa wenyeji mbegu, wakarudi mbinguni, mbuzi wakageuka mawe. Sanamu yao iko bustani ya Yuexiu, nendeni mkapige picha. Sasa nina habari kutoka juu. Mbuzi wa sita yuko njiani. Mdomoni hana nafaka. Ana mtandao wa kizazi cha tano.”

Vifijo. Kuku akauliza, “Anafika lini, mzee?”

“Robo ya mwisho ya mwaka,” alisema Kobe. Hakusema wa ngapi.

Ikaundwa Kamati ya Kumpokea Mbuzi wa Sita, mchango yuan 20 kwa mwezi, na chini yake kamati ndogo ya zulia, ya majani (mbuzi lazima ale) na ya hotuba. Aliyekataa kuchanga ni Panya.

Panya alikuwa mzaliwa wa Shisanhang. Kwa Wachina yeye ndiye wa kwanza kati ya wale wanyama 12 wa miaka, na hakukuacha usahau. Aliishi darini, juu ya duka la Paka, katikati ya nyaya, ndiyo maana mambo ya mtandao aliyajua kwa undani ambao Kobe hakuwa nao. Alimweleza Kuku bila kumung’unya. Mnara, alisema, una uwezo wenye kikomo, na uwezo huo wanagawana wote waliouelekea kwa wakati mmoja. Usiku wa manane hapa ukituma picha inaruka. Asubuhi, wakishajaa humu wanunuzi ghorofa kwa ghorofa, kila mmoja anarusha video zake, unachokipata ni tone. Halafu kuta. Mawimbi ya masafa ya juu yanabeba mzigo mkubwa lakini hayafiki mbali, na zege yanaiogopa. “Kwa hiyo huyo mbuzi wenu akija hatakuwa mmoja,” alisema Panya. “Watakuja vibuzi vidogo mamia, watafungwa darini kwangu, kila ujia na chake. Na kila kimoja nyuma yake kina waya. Huo mnaouita mtandao usio na waya, mimi nimeuonja waya wake.”

“Ukoje?”

“Kioo kitupu. Hauna ladha.”

Kuku akamwambia, sawa, lakini ukichanga yuan 20 utapungukiwa nini? Ndipo Panya akamtoa nje, wakapita chini ya daraja la magari mpaka Bustani ya Utamaduni, wakakaa kwenye benchi. Hapa tulipokaa, alisema, ndipo yalipokuwa maghala ya Wazungu. Babu yangu wa mbali alizaliwa humu, ndani ya sanduku la chai.

Mimi msimuliaji sipendi mhusika anayekatiza hadithi ili afundishe historia. Lakini Panya alisimulia vizuri kuliko Kobe alivyohutubia, basi naye apewe nafasi yake.

Mwaka 1757, alisema, Mfalme Qianlong aliamuru Wazungu wafanyie biashara Guangzhou tu, bandari nyingine marufuku. Wakapangishwa safu ya majengo ukingoni hapa. Wake zao wasije nao. Ndani ya kuta za mji wasiingie. Msimu ukiisha wafungashe, wakakae Macau mpaka msimu mwingine. Na msimu wenyewe ulikuwa wa pepo: meli zilifika na upepo wa kusini-magharibi, zikaondoka na wa kaskazini-mashariki.

“Kusi na kaskazi,” alisema Kuku, akahisi amefika nyumbani.

“Sisi hatukuziita hivyo, lakini ndizo. Barua kutoka hapa kwenda London ilichukua miezi minne, mitano, hata sita. Jibu lake nalo vivyo hivyo. Unauza chai bila kujua kule inauzwaje.”

“Bibi yangu alikuwa akisema, kabla ya waya wa telegrafu kufika Unguja kutoka Aden mwaka 1879, hata bei ya karafuu ilipanda jahazi ikangoja upepo.”

“Basi umeshanielewa. Sasa niambie, hapa nani alilalamika kwamba habari zinachelewa?”

“Wote.”

“Wote. Na nani alitajirika?”

Kuku hakujua. Panya akamtajia Wu Bingjian, ambaye Wazungu walimwita Howqua, mkuu wa wafanyabiashara wachache wenye kibali cha kuuziana na wageni. Alikuwa mmoja wa matajiri wakubwa duniani kwa wakati wake, na hakuwahi kutoka China. Wageni wasingeweza kununua jani la chai bila kupitia kwa mtu wa namna yake, wala kusema neno kwa ofisa wa forodha bila kupitia kwa mkalimani mwenye leseni, naye mkalimani alikuwa na malipo yake, na karani wake malipo yake, na mlinda lango yake. Habari ilipochelewa, kila aliyesimama njiani alipata kitu. Alikuwako Mwingereza mmoja, James Flint, alijifunza Kichina akachoka kupitishwa kwa makarani. Mwaka 1759 akapanda meli mpaka Tianjin kupeleka malalamiko yake karibu na mfalme, moja kwa moja.

“Akafanikiwa?”

“Alifungwa miaka mitatu karibu na Macau. Na Mchina aliyemsaidia kuandika barua alikatwa kichwa.”

Kuku akajishika shingo.

“Halafu 1842, baada ya vita, ukaja mkataba wa Nanjing. Bandari tano zikafunguliwa, vile vibali vikafutwa. Howqua akafa mwaka uliofuata. Majengo ya hapa yaliungua 1856 yakaisha kabisa, mwishowe pakapandwa maua. Kwa hiyo mimi, Mama Kuku, nikimwona mtu analia kuhusu ucheleweshaji, huwa namtazama kwanza mfukoni.”

Kuku akaona huyu Panya ni bahili tu anayetafuta maneno, akarudi kuchanga.

Tarehe 6 Juni 2019 serikali ya China ilitoa leseni za 5G kwa kampuni nne. Kobe akaitisha mkutano, akasoma tangazo kutoka kwenye gazeti, akalikunja, akasema juhudi za kamati zimezaa matunda. Tarehe 1 Novemba mwaka huohuo huduma ikaanza kuuzwa kwa umma. Darini kwa Panya wakawa wamepita mafundi wenye ngazi. Shisanhang siku hizo ilinukia ngozi mpya ya waya, na Kobe akatandika zulia mbele ya jengo, likakanyagwa na Punda na toroli lake kabla ya saa moja asubuhi.

Kuku akawahi na simu mpya. Akaenda kwa Paka, akapiga picha blauzi ya manjano, akabonyeza. Hapakuwa na kiduara. Picha ilikwenda kabla hajaondoa kidole. Akalia machozi ya furaha. Akangoja jibu.

Akangoja.

Shisanhang ilikuwa saa moja asubuhi. Kariakoo, ambayo iko nyuma kwa saa tano, ilikuwa saa nane za usiku, na Bata alikuwa amelala. Alikuwa amelala siku zote. Miaka yote ile ya kiduara, jibu lililoingia saa nne asubuhi lilikuwa la Bata aliyeamka kuswali alfajiri akashika simu. Jua halikuwahi kulaumiwa na mtu, kwa kuwa halikuwa na ofisi.

Alipoamka akaandika, “Wifi, picha haifunguki, ni upande wangu huku.” Kuku akapeleka malalamiko kwenye kamati. Kobe hakutikisika.

“Mbuzi ana miguu minne,” alisema. “Miwili imefika. Tunangoja ya nyuma.” Mchango ukaendelea.

Ukaingia 2020, ambao kwa hesabu ya Wachina ulikuwa mwaka wa Panya, na Panya hakutaka mtu yeyote amwambie neno juu ya hilo. Mipaka ikafungwa Machi. Ya Aprili, wakati wanyama wa Afrika walipotolewa kwenye nyumba na hoteli walizolipia wakalala nje na mabegi yao, yanataka hekaya yake, na haitakuwa ya kuchekesha. Waliobahatika kuwa Pwani wakabaki Pwani karibu miaka mitatu. Mtandao wa kasi kuliko yote waliyowahi kuiota ukawa unazagaa Shisanhang bila wao.

Kunguru alibaki. Wengi walidhani biashara yake ya juu ya paa imekufa. Wapi! Alishuka chini akawa macho na miguu ya Kariakoo nzima: anapita maduka akirusha video, wanunuzi wakiwa vitandani kwao wanasema hiyo, hapana, ile ya pembeni yake, naye kwa kila pisi anaweka chake. Anasema blauzi 46, wanalipa 46. Nani angemuuliza Paka?

Septemba 2022 ikazinduliwa 5G ya kwanza ya biashara Tanzania, Dar es Salaam. “Mguu wa tatu,” alitangaza Kobe kwa ujumbe wa sauti. Bata akatoka nje ya duka akaiinua simu juu. Haikuonyesha kitu, simu yake haikuwa ya kizazi hicho, na bando alilozoea kununua lisingefika jioni. Mguu wa nne, ikaonekana, ulikuwa mfukoni mwa mteja, na hilo kamati haikuwa na kamati ndogo yake.

Januari 2023 China ikafungua mipaka. Kuku akawa wa kwanza kwenye foleni ya ubalozi. Alipofika Guangzhou akamnunulia wifi yake simu nzuri, akamtumia na mgeni anayerudi, na Bata kwa shukrani akaweka nadhiri kwamba sasa atakuwa anaamka saa nane za usiku, waingie sokoni pamoja. Miguu yote minne ikawa chini. Usiku mmoja kwa Bata, asubuhi moja kwa Kuku, wakapigiana video.

Ilikuwa safi mno. Bata aliona uzi uliotoka kwenye pindo la blauzi. Aliona uji wa Paka. Alimwona Punda akipita, akamsalimia. Kisha akaona mkono wa Paka ukienda kwenye kikokotoo, na kikokotoo kikaandika, kwa tarakimu nyeusi zilizosomeka mpaka Mtaa wa Congo: 38.

Katika daftari la duka, blauzi za Paka zilikuwa zimeandikwa 45 tangu siku ya kwanza.

Bata hakusema. Wakati huohuo Kuku alikuwa anamtazama Bata, na nyuma ya Bata, sebuleni, taa ikiwa imewashwa, lilisimama friji la milango miwili ambalo plastiki yake ya kiwandani bado haijabanduliwa. Ilikuwa wiki ileile ambayo pesa za mzigo zilikwama kwenye muamala.

“Wifi,” akasema Bata, “picha yako inakwama.”

“Hata yako, wifi.”

Haikukwama hata kidogo. Walitazamana mpaka Paka akamaliza uji.

Mambo ya namna hiyo yakatokea pande zote. Mteja wa Fisi alifungua ramani ya meli akiwa saluni, akakuta kontena alilolipia mwezi uliopita bado halijatoka Nansha. Akampigia Fisi, Fisi akasema liko katikati ya bahari, mteja akasema niwashie kamera unionyeshe hiyo bahari. Simu zikaanza kufasiri Kichina zenyewe, na ikaonekana kwamba kwa muda mrefu Kasuku amekuwa akimwambia Kuku “bei ya mwisho” palipokuwa na bei tatu zaidi chini yake. Bi Njiwa, mweka hazina wa kamati, kijana asiyejua mambo, akaliweka daftari la michango mahali ambapo kila mwanachama angelifungua kwa simu, akidhani anasaidia.

Miezi hiyo hapakuwa na raha Shisanhang. Wanyama waliacha kusalimiana kwenye lifti. Hata mimi ninayesimulia nilizoea kusema barua yako sijaiona; siku hizi chini ya barua pana alama kwamba nimeiona, na saa niliyoiona.

Ndipo wakaanza kwenda kwa Kunguru, mmoja mmoja, magharibi. Alikwenda Fisi. Alikwenda Kasuku. Kuku alipokuwa anatoka alikutana mlangoni na ujumbe wa sauti wa Bata ukiingia, na wote watatu walijifanya hawajasikia. Ombi lilikuwa moja: wewe ni ndege, unajua kupanda, ungeweka kiota kidogo kule juu. Si kuharibu. Kupunguza tu. Kobe naye alikwenda, akafika wa mwisho.

Kunguru akachukua malipo ya kila mmoja bila kuwatajia wenzake, akajenga kiota cha nyaya na vijiti vya kutundikia nguo juu ya mnara mkubwa kuliko yote. Hakikufanya kitu. Mnara mmoja ukizidiwa, mwingine unaubeba mzigo, na darini vile vibuzi vidogo vilikuwa mamia. Wakamwendea Panya, kwamba yeye ana meno. Panya akawakumbusha kwamba kioo hakina ladha.

Kisha, Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, bila kamati kufanya lolote, chini ya bahari ya mashariki mwa Afrika zikakatika nyaya mbili kwa mpigo, ya Seacom na ya EASSy. Hizo ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya mtandao wa Pwani kwenda kwa ulimwengu tangu 2009 na 2010. Kariakoo ikazimika. Benki zikasita, miamala ikasimama, kwenye simu zote za Tanzania kikarudi kile kiduara.

Shisanhang mtandao ulikuwa mzima kama chuma cha pua. Kuku alipiga video kwa Bata, hakuna. Akapiga tena, kuhakikisha. Hakuna. Akashusha simu taratibu, akanyoosha mabawa, akamwendea Paka. Akanunua blauzi 50 za kijani kwa 38, akatoa daftari, akaandika 45 kwa mwandiko mzuri. Fisi akawajulisha wateja wake wote kwamba makontena yako katikati ya bahari, akijua ujumbe hautafika kwa siku kadhaa. Kasuku akaimba. Hata lifti ya Xiaobei ikawa na shikamoo tena.

Kobe akawaalika wote kwenye chai ya asubuhi, namna ya Guangzhou, meza ya duara, birika katikati, vikapu vya mianzi vyenye mvuke, miguu ya kuku ikapitishwa mbali kwa heshima ya Kuku. Alisimama kwa tabu akasema tukio hili la kusikitisha limeonyesha kwamba kazi haijaisha, na kwamba ametafakari usiku kucha, akaona kuna haja ya Kamati ya Kumpokea Mbuzi wa Saba, atakayekuja na waya wa tatu. Mchango, kwa sababu ya hali ya uchumi duniani, utakuwa yuan 30.

Makofi yalikuwa ya kweli. Yalipotulia, ikasikika sauti ya Panya, aliyekuwa amekaa kiti kinachoelekeana na Kobe, kikombe kwa kikombe.

“Mwenyekiti, naomba kujua. Zile za mbuzi wa sita ziko wapi?”

Kobe akamtazama kwa upole wa mzee aliyelea wengi. Akanywa chai. Akafuta mdomo.

“Hilo nilishakujibu, bwana Panya,” alisema. “Kwani jibu halijakufikia?”